Si Laini

Nyumbani kwetu tulikaa laini.
Laini ya Nne, nyumba ya tisa kutoka kwenye bomba,
chini ya mashamba ya chai, Mufindi,
ambako ukungu hukawia kuaga
kama mgeni aliyenusa chungu jikoni.

Neno hilo walikuja nalo wenye kampuni.
Babu zetu wakalipokea, wakalipachika irabu kisiginoni
lisije likaanguka,
kumbe ndani tulikuwa na laini yetu ya zamani:
ya ngozi ya mtoto, ya unga uliochekechwa mara mbili,
ya sauti ya mtu anayekuja kukopa.
Hazikugombana. Zililala kitanda kimoja
kama wajina.

Mama yuko wapi? Yuko kwenye laini yake, anachuma.
Mbona giza? Laini imeanguka huko Kibao.
Mwalimu Mlowe akasema, chora laini,
nikachora nyumba yetu na choo cha jirani,
na mbuzi wa akina Kihwele juu ya bati.
Nilipewa sifuri. Mbuzi alikuwepo kweli.

Na kwenye mizani, msimamizi akipekua kapu:
"Nataka laini! Majani mawili na chipukizi!
Hili gumu nani kachuma?"
Miaka thelathini na mmoja
chai ilidai ulaini,
na mama akatoa ule aliokuwa nao.

Halafu likatoka tangazo: sajili laini kwa alama za vidole,
usiposajili inafungwa.
Akapanda gari hadi Mafinga, elfu tatu kwenda, tatu kurudi,
akaketi chini ya mwavuli wa kijana mmoja wa Kikinga, Tweve,
mwenye kimashine chenye kioo kama ukucha.
Gumba. Kimekataa.
Shahada. Kimekataa.
Cha kati, cha pete, akabadili mkono,
foleni nyuma yake ikaanza kukohoa.

"Mama," Tweve akasema, "vidole vyako havina mistari."

Mistari! Neno letu wenyewe, la siku zote,
lililokuwa limekaa kimya kwenye madaftari,
likaja kumuumbua mama hadharani.
Alikuwa nayo alipozaliwa Tukuyu.
Sijui iliondoka mwaka gani, kwenye kapu la ngapi,
imo kwenye kikombe cha nani.

"Kapake mafuta, vidole viwe laini,
ndiyo nikupe laini."
Watu wakacheka. Mama hakucheka.
Kaka yangu Ipyana anasema alicheka. Mimi sikuwepo.

Wiki nzima mafuta ya mgando,
soksi mikononi usiku kama mtu anayetaka kwenda kuiba,
vidole ndani ya maji ya uvuguvugu mpaka vikunjamane.
Jumamosi akarudi.
Tweve akajaribu vyote tena, tisa,
kisha cha mwisho, mkono wa kushoto,
kile kidogo kinachokaa pembeni wenzake wakichuma,
kama mtoto wa bosi aliyeletwa kuangalia shamba.

Kikakubali. Jina likatokea:
Atuganile Mwaijande.
"Ndaga," mama akakiambia kimashine.

Hivi sasa serikali nzima inamfahamu mama
kwa kidole kisichofanya kazi.

Jioni alinipigia, mimi nikiwa Mbeya,
nasahihisha madaftari ya Kiingereza ya Kidato cha Pili.
Swali la saba: taja maana tatu za neno hili.
Mtoto mmoja ameandika: *ni mahali pa kuzaliwa*.
Kalamu nyekundu ilikuwa bado hewani.

"Unanisikia?"
"Nakusikia, ila laini inakwaruza, mama."
"Inakwaruza?"
Akakaa kimya. Nikasikia simu ikihamishwa
kutoka kiganja hiki kwenda kile,
kwaru, kwaru.

"Si laini," akasema.
"Ni mkono wangu."